Kilima cha Rabai, Tembo na Mashahidi

Kabla hatujapanda, tuelewane jambo moja: kilima cha Rabai si volkano. Nasema hivi kwa sababu ukiketi kwenye matatu pale Mazeras na kuuliza habari za kilima, hutakosa abiria wa kukuambia kwamba zamani kilikuwa kikitema moto. Hapana. Volkano za kale za Pwani yetu ziko upande wa pili wa Mombasa, kule Kwale: Jombo na Mrima, vilima vilivyozimika tangu enzi za dinosaria. Rabai ni mawe ya mchanga. Ni mawe yale yale unayoyakanyaga Nairobi kwenye vijia vya bustani za apatimenti na kuyaita "mazeras", bila kujua kwamba Mazeras ni mji wenye stendi, wauza mahamri na foleni ya malori. Ndani ya mawe hayo kumepatikana magogo yaliyogeuka jiwe, mabaki ya miti iliyokufa kabla Bahari ya Hindi haijajifungua kati yetu na Madagaska. Kwa hiyo ukongwe upo, tena wa kutisha. Moto ndio haupo.

Cha kuchekesha ni kwamba habari za volkano kubwa kuliko zote barani Afrika zilifika Ulaya zikitokea hapa hapa.

Agosti 1846, wamishonari wawili Wajerumani waliotumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walihama Mombasa wakaja kukaa Rabai. Krapf alikuwa ameshamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Alitaka mahali pa juu penye upepo, mbali na homa za mwambao, na wazee wa kaya wakamkubalia. Mwisho wa Aprili 1848 Rebmann alishuka kilima kwa upande wa magharibi na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, wakakata nyika, wakapita Taita, na tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akauliza ni nini. Jibu alilopewa, kama alivyoandika mwenyewe, lilikuwa neno moja: baridi.

Alipoandika kwamba ile ni theluji, kule London palikuwa na bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa na ramani zake za Afrika ya ndani na hajawahi kukanyaga huku. Akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mabishano yakaendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda kuuparamia ule mlima mwaka 1861 na tena 1862. Na miaka yote hiyo, wafanyabiashara wa Pwani waliokuwa wakienda Uchagani kununua pembe za ndovu walikuwa na hadithi zao za watu waliotumwa juu kuchota ule weupe wakidhani ni fedha. Kheri hakuhitaji kusoma jarida la London. Alikuwa ameshapita huko.

Wachagga nao, kwenye miteremko ya volkano yao, wana mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Mlima wenye moto wa zamani, udongo mweusi, na kinywaji chake. Watu husafiri mpaka Italia kuona mashamba ya mizabibu kwenye mbavu za Etna na kupiga picha huku wameshika glasi. Sisi wa Kilifi tuna kilima kisichowahi kuwaka, na mti wetu wa kinywaji si mzabibu. Ni mnazi.

Kufika ni rahisi. Kutoka barabara kuu ya Mombasa–Nairobi unakata kulia pale Mazeras, na kwa boda ni mwendo mfupi tu. Kuna kanisa la Mtakatifu Paulo, na kando yake jengo la zamani la misheni ambalo sasa ni makumbusho. Ingia, ni padogo lakini hutajuta. Hapa ndipo sehemu kubwa ya kamusi ya Krapf ya Kiswahili ilipokusanywa, ingawa ilichapishwa 1882, yeye ameshafariki. Kisha toka nje, tembea mpaka pale ardhi inapoanza kuteremka, na uangalie mashariki. Mombasa iko kule chini, maji ya hori yameingia katikati ya mikoko kama vidole, na nyuma yake bahari. Geuka magharibi: nyika, kavu, ya rangi ya ngozi ya simba, mpaka macho yachoke. Usitarajie kuiona Kilimanjaro, iko mbali mno. Lakini utaelewa kwa nini mtu akikaa hapa miaka miwili lazima atake kujua kuna nini mwisho wa ile nyika.

Ukifuata mgongo huo huo wa vilima kwenda kaskazini unapita Ribe, unapakana na Kambe na Jibana, unafika Kaloleni. Jina lenyewe, kwa anayejua Kigiriama, ni kama mwaliko: nendeni mkatazame. Njia nzima ni minazi, na kati ya minazi, hapa na pale, kipande cha msitu mzito ambao haukatwi. Hizo ndizo kaya, makao ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu. Kaya za Rabai ni miongoni mwa zile zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kuingia ni kwa ruhusa ya wazee na kwa adabu zao. Usiende na droni yako.

Sasa tuje kwenye mti.

Mgema hupanda kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. (Ndiyo, kidato ni hicho. Kidato cha kwanza, kidato cha pili: shule yetu ya upili yote imejengwa juu ya mnazi.) Juu, hatafuti nazi. Anatafuta karara ambalo bado halijapasuka, lile ganda linaloficha maua. Analifunga kwa kamba lisifunguke, analizoesha kuinama siku kwa siku, kisha anakata ncha yake kwa kotama, kisu chenye makali ya kunyolea ndevu. Utomvu unaanza kudondoka kwenye kibuyu. Asubuhi anarudi, anashusha kilichojaa, anakata ukanda mwembamba tena ili kidonda kisizibe. Jioni vivyo hivyo. Akikosa siku moja mbili, karara linafunga mlango.

Kinachoshuka ni kitamu kama juisi. Kufikia mchana kimeanza kuchemka chenyewe, maana chachu imeshajaa kibuyuni na hewani. Jioni ni tembo kali. Siku ya pili, ya tatu, ni siki, na hapo akina mama wanalichukua la jikoni. Ndiyo tofauti kubwa na divai: hili halina ghala, halina chupa ya mwaka 1998 iliyofunikwa vumbi, halingoji. Linanyweka leo na watu walio karibu leo. Kwa Kimijikenda linaitwa uchi, na Mswahili wa mjini akisikia mtu anasema ameenda kunywa uchi atacheka mpaka aelezwe. Sehemu ya kulinywea ni mangwe, na chombo chake ni kibuyu na mrija wenye kichujio chini.

Jambo lingine la kukumbuka, kwa sababu ndilo linalobeba historia yote inayofuata: karara ulilogema halizai nazi. Mwenye mnazi lazima achague. Ama unywe mti, ama uuache uzae, ukauke nazi, upasue mbata na kuuza kwa kilo.

Wamishonari walilichukia tembo tangu siku ya kwanza, na ukisoma malalamiko yao utadhani Rabai nzima ililewa kuanzia 1846 mpaka walipoondoka. Walichokuwa hawakioni, au hawakutaka kukiona, ni kwamba lile tembo lilikuwa karatasi. Hakuna ndoa bila tembo, hakuna matanga bila tembo, hakuna baraza la wazee la kusikiliza kesi ambalo halikuanza na kadzama, kile kipimo cha tembo anacholeta mwenye shauri. Aliyekunywa kadzama ya shauri lako amekuwa shahidi wako. Hawezi kesho kusema hakuwepo.

Serikali ya kikoloni ilikuja na chuki ileile kwa sababu nyingine. Ilitaka kodi na ilitaka vibarua wa kazi za mashamba na za umma, na maafisa wake waliandika kwamba vijana wa Kigiriama hawataki kazi kwa sababu wana mahindi ya kutosha na tembo la kutosha. Kwangu mimi hiyo inasomeka kama sifa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka akiwaapisha watu wasitoe vijana wala kodi, Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Hayo mengi unayajua, siku hizi Mekatilili ana sanamu Malindi. Ninachotaka ushike ni kwamba kaya iliyolipuliwa ilikuwa pia mahali pa kuthibitishia mambo. Ukivunja mahali pa kiapo, kazi yake lazima ihamie kwingine.

Ilihamia kwenye mashamba ya minazi. Mwaka 1966 na 1967 mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, aliishi Kaloleni na baadaye, mwaka 1972, akatoa kitabu kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Ningemshauri kila kijana wa Kilifi akisome, hata kama ni kwa kubishana nacho, kwa sababu kinaeleza ugomvi ambao wengi wetu tumeukuta nyumbani bila kujua ulianza lini.

Kwa ufupi hali ilikuwa hivi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mbata ikawa na bei. Baadhi ya watu, wengi wao vijana wenye bidii, wakaanza kununua minazi na mashamba ya wenzao, au kuyachukua rehani wenye mali walipobanwa na mahari au mazishi. Hapakuwa na hati miliki. Ushahidi pekee kwamba mti huu uliuzwa kabisa, na ule uliwekwa rehani tu na unaweza kukombolewa, ulikuwa kichwani mwa wazee walioitwa siku ya mapatano na kunyweshwa tembo. Kwa hiyo tajiri mpya alikuwa kwenye mtego. Akiwadharau wazee, kesho kesi ikija hana shahidi. Akiwaheshimu kama inavyotakiwa, itabidi awanunulie tembo kila matanga na kila harusi, na faida yote itaishia kwenye kibuyu.

Njia ya kutokea waliyoipata baadhi yao ni ya ajabu. Mtu anaugua. Anakwenda kwa mganga, mganga anasema una pepo, tena pepo huyu ni Mwislamu, hataki tembo, hataki nyama isiyochinjwa kwa sharia. Basi mgonjwa anasilimu ili apone. Hawezi tena kunywa na wenzake, hawezi kula sahani moja nao, na hakuna anayeweza kumlaumu, maana si yeye aliyetaka, ni pepo. Pesa inabaki mfukoni. Parkin anatuambia kwamba haikuwa unafiki mtupu, watu waliugua kweli na kuogopa kweli. Walichokiogopa zaidi kilikuwa uchawi wa wale wale wazee. Mtu anayepanda haraka mbele ya wazee waliobaki nyuma alijua macho yako mgongoni mwake. Mimi naamini hapo Parkin aligusa mfupa. Woga wa mzee na haja ya mzee vilikuwa kitu kimoja: anayeweza kukulinda kwa kumbukumbu ndiye anayeweza kukuangamiza.

Hapo tulipo sasa mzani umegeuka. Mashamba mengi yana hati, au yana kesi za kutafuta hati. Mzee hahitajiki tena kama shahidi, lakini jina lake ndilo liko kwenye ardhi. Na Kilifi imejulikana nchi nzima kwa jambo la aibu: wazee, waume kwa wake, wanaoitwa wachawi kwa sababu ya mvi au macho mekundu, wanafukuzwa au kuuawa, mara nyingi na watu wa damu yao. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliotoroka watoto wao. Mashirika ya haki na viongozi wa dini wamesema mara kwa mara kwamba chini ya neno uchawi kuna neno shamba. Mtu akiniambia hii ni mila ya Mijikenda namuuliza mila gani. Kwa mila, kumuua shahidi ni kuuchoma mkataba wako mwenyewe.

Huku nyuma tembo lenyewe limebaki nusu halali, nusu si halali. Sheria ya kudhibiti pombe ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kufungulia mlango vinywaji vya kienyeji, ila kwa masharti ya leseni na upakiaji yanayofikiria kiwanda. Mti hauna leseni. Mututho mwenyewe alikuwa mbunge wa Naivasha, ambako, bila utani, kwenye udongo wa volkano halisi, kuna mashamba ya mizabibu na watalii wanaonja divai mchana kweupe. Malindi unaweza kukaa ufukweni na chupa ya Kiitaliano hakuna anayekugusa, na kwenye vichochoro vya nyuma mama wa mangwe anaweka mtoto mlangoni kuangalia gari la polisi. Sisemi tembo halina madhara. Nina jamaa lililowamaliza, na mwenye kuigiza kwamba haliui aende akaangalie matanga. Nasema tu kwamba msako haujawahi kuuliza ni nani anaishi kwa mti ule.

Nilipouliza mimi, ilikuwa njia ya kwenda Kaloleni, chini ya shamba lililoteremka upande wa bahari. Mzee alikuwa ameketi kwenye gogo, kijana wake yuko juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka la tamu ama la kukaza?"

Nikamwambia la tamu, kisha nikamuuliza kama shamba ni lake. Akacheka. Akanionyesha kwa fimbo. Ardhi hii ni ya ukoo fulani. Minazi hii kumi na mmoja ilinunuliwa na baba yake, kwa hiyo ni yake, ila ardhi iliyo chini yake si yake. Ile mitatu pale ukingoni si ya ukoo wala si yake, iliwekwa rehani na mtu aliyekuwa na msiba, akaondoka kwenda Mombasa, hajarudi. Na tembo linaloshuka leo ni la yule kijana, maana ndiye anayegema, wao wawili wanagawana kwa siku.

"Kuna maandishi?"

"Ya nini? Siku ile tulikuwa watu saba hapa. Kadzama mbili." Akaanza kuwataja, kwa majina ya baba zao, kidole kwa kidole. Alipofika wa tano akakohoa, akanyamaza kidogo, akamalizia.

"Na wako wapi sasa, babu?"

"Wawili tuko. Mwenzangu haondoki nyumbani, wajukuu wake hawamtaki nje usiku." Akanyanyua macho juu, ambako kotama ilikuwa ikigonga kwenye karara. "Sogea huku, kibuyu kinashuka, kisikupige."